Mashine ya kukunia nazi: niiombee hataza au niiuze tu?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kisauni, Mombasa. Nimeunda mashine ya kukunia nazi inayotumia mota. Tofauti yake na nyingine ni kwamba huishiki nazi kwa mkono. Kibano chenye springi kinaikamata nusu ya nazi, kinaizungusha, na meno yakigusa kifuu mashine inajizima yenyewe, kwa hiyo tui linatoka jeupe bila vijipande vya kifuu. Nimeshauza chache kwa shilingi 18,000 kila moja. Miezi minne iliyopita niliweka video TikTok na watu wengi wameiona. Rafiki mmoja ananihimiza nikimbilie hataza kabla sijaibiwa, mwingine anasema hataza ni mambo ya matajiri. Tena kuna mfanyabiashara wa mjini anataka kunipa shilingi 60,000 "nimwachie wazo". Nifanye nini?

Jibu: Waalaikumu salaam, fundi. Nikupe jibu kwanza, halafu tulichambue. Mashine nzima usiiombee hataza, yaani patent, ile haki ya kuwazuia wengine kuunda na kuuza uvumbuzi wako. Kilichostahili kulindwa ni kile kibano pamoja na utaratibu wa kujizima, na ulinzi unaokufaa ni cheti cha modeli ya matumizi, ndugu mdogo wa hataza mwenye muda mfupi na masharti mepesi, mradi utafutaji nitakaokueleza usionyeshe kwamba kuna aliyekutangulia. Pesa zitakazobaki ziende kwenye karakana na kwenye kusajili jina. Na huyo bwana wa 60,000 mwambie asubiri kidogo.

Anasema anataka "wazo". Wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Kukuna nazi kwa mashine bila kuishika ni jambo ambalo kila aliyewahi kujichuna vidole kwenye mbuzi amelitamani. Kinachoweza kuwa chako ni njia ya kulitimiza: vipande gani, vimeungwaje, kipi kinasukuma kipi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka mambo matatu kabla hataza haijatolewa. Uvumbuzi uwe mpya, na upya huo unapimwa dunia nzima, si Mombasa tu. Uwe na hatua ya kivumbuzi, yaani fundi mwenzako mwenye ujuzi wa kawaida asingeufikia kirahisi kwa kuunganisha vitu anavyovijua tayari. Na uwe ni kitu kinachoweza kutengenezwa au kutumika katika kazi ya uzalishaji. Hilo la tatu halikusumbui.

Mashine nzima itaanguka kwenye sharti la kwanza, la upya. Mota yenye kichwa cha meno ya kukunia nazi imekuwepo India ya kusini tangu zamani; huko Tamil Nadu na Kerala, mashine za jikoni za kusagia nafaka iliyolowekwa huuzwa na kichwa cha kukunia nazi kama kifaa cha ziada. Sri Lanka na Thailand nako mashine za mota za kukunia nazi zipo. Mchunguzi wa KIPI, taasisi inayosimamia hataza Kenya, hatajali kwamba wewe hukuwahi kuziona. Kama kitu kilikwisha kuchapishwa, kuonyeshwa au kuuzwa popote, si kipya.

Kibano ni habari nyingine. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na sehemu iliyonisimamisha ni pale unaposema mashine inajizima meno yakigusa kifuu. Mashine nyingi za kukunia nazi humwachia mtumiaji kazi hiyo: yeye ndiye anayesikiliza mlio, anayeangalia rangi, anayejua wakati wa kuacha. Kama umepata njia ya kuifanya mashine yenyewe ijue kwamba nyama imekwisha na kifuu kimeanza, pengine kwa kuwa kifuu kigumu kinakisukuma kibano nyuma na swichi inakatika, basi una jambo la kupeleka KIPI, Nairobi. Hukunieleza inavyofanya, na ni vizuri hukunieleza. Endelea kutoieleza hadharani.

Kabla hujalipa mtu yeyote hata shilingi, kaa na simu au kompyuta jioni chache utafute. Espacenet, hazina ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ni bure na ina nyaraka zaidi ya milioni 100 kutoka nchi nyingi. Patentscope ya Shirika la Mali Miliki Duniani ni bure pia, na Google Patents ni rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Usitafute kwa jina moja tu. Waandishi wa hataza hupenda majina ya ajabu, na mashine ya nazi inaweza kuwa imeitwa kifaa cha kutenganisha nyama ya tunda gumu. Tafuta kwa alama za makundi: A47J ni vyombo vya jikoni, A23N ni mashine za kushughulikia matunda, mboga na kokwa. Ukifika kwenye orodha, acha maneno, tazama michoro. Wewe ni fundi, mchoro utakuambia kwa haraka kuliko mwanasheria yeyote. Halafu utafute nje ya hataza pia, kwenye YouTube na kwenye masoko ya mtandaoni ya Wachina na Wahindi, kwa sababu video ya mtu wa Kerala ya miaka sita iliyopita inaua upya wako sawasawa na hataza. Ukikuta kibano kama chako kinachojizima kwa namna ile ile, umejiokolea pesa nyingi. Funga mjadala wa ulinzi, endelea kuunda na kuuza.

Sasa hiyo video yako ya TikTok. Hapa ndipo watu wengi hupotezea haki zao bila kujua. Kwa kawaida ukishakionyesha kitu hadharani kabla ya kufungua ombi, umekiua mwenyewe. Bahati yako ni kwamba sheria ya Kenya ina msamaha wa miezi 12: mvumbuzi akijitangaza mwenyewe, tangazo hilo halihesabiwi dhidi yake akifungua ombi ndani ya mwaka mmoja. Lakini usihesabu kuanzia video. Umesema umeshauza mashine chache, na mashine iliyouzwa bila sharti la usiri nayo imetangazwa, maana mnunuzi anaweza kuifungua atazame ndani. Tafuta tarehe ya mashine ya kwanza kutoka karakanani kwako, hata kama ulimuuzia jirani, na saa yako inaanza hapo. Angalia pia kama video inaonyesha utaratibu wenyewe wa ndani au inaonyesha nazi inazunguka tu. Ukija kubishana na mtu baadaye, tofauti hiyo ina uzito. Nakala yake ihifadhi pamoja na tarehe, na stakabadhi za mauzo vilevile.

Msamaha huo ni wa Kenya. Ulaya hawakuoni vile: kule umeshachelewa, mlango umefungwa. Harare, yalipo makao ya ARIPO, shirika ambalo kupitia kwake ombi moja linaweza kulenga Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Msumbiji na nchi nyingine wanachama, usitegemee msamaha mpana kama wa Nairobi. Kwa hiyo kwa hali yako, ulinzi unaoweza kuupata kwa uhakika ni wa Kenya. Hilo lisikuumize sana, nitakuambia kwa nini.

Hataza ni haki ya kumzuia mtu. Haikupi ruhusa ya kuunda, hiyo unayo tayari, wala haikuletei wateja. Na kumzuia mtu ni kazi yako wewe, kwa gharama yako. Hakuna askari wa KIPI atakayezunguka Gikomba au Kongowea kutafuta anayekuiga. Ukimkuta, wewe ndiye wa kumwandikia barua, wewe ndiye wa kwenda kwenye Baraza la Mali ya Viwanda, wewe ndiye wa kumlipa wakili. Kwa hiyo swali la "je, uvumbuzi wangu ni mzuri?" linakuja baadaye. La kwanza ni: nani ataniiga, na nikimshika, ana nini cha kunilipa?

Katika biashara yako wako watatu. Wa kwanza ni fundi mwenzako wa jua kali, kule Likoni, Malindi au Tanga, ambaye ataona mashine moja, ataipima kwa futi yake, na wiki ijayo ataunda ya kwake kwa vyuma chakavu. Huyo humwezi. Akiuza mashine tano kwa mwaka, kesi moja dhidi yake inakula faida yako ya miezi, na ukishinda hana cha kukulipa. Tena wako wengi. Jiko letu la mkaa lenye kiuno, lile la bati lenye udongo ndani lililotokana na jiko la ndoo la Thailand na kusambaa Kenya kuanzia miaka ya 1980, liliigwa na mafundi wa jua kali kwa namna hiyo hiyo, hadi likavuka mipaka. Pamoja na mazuri yaliingia mabovu pia, udongo uliochomwa vibaya unaopasuka baada ya muda mfupi, na waliodumu sokoni ni wale ambao mama wa nyumbani alijua majiko yao hayapasuki. Dhidi ya fundi wa aina hii, kinga yako ni ubora, vipuri, na kufika sokoni kabla yake.

Wa pili ni mwagizaji. Anachukua mashine yako, anaipeleka kwa kiwanda China, na baada ya miezi kontena linashuka bandarini Mombasa, bei nusu ya yako. Huyu ana anwani, ana leseni, ana mzigo unaoweza kuzuiwa, na ana pesa. Haki iliyosajiliwa Kenya inamgusa kwa sababu ni hapa anapouzia. Haijalishi mashine imetengenezwa wapi. Huyu ndiye sababu ya mimi kukushauri utafute cheti.

Wa tatu ni mtengenezaji mkubwa atakayependa mashine yako akaona ni nafuu kukulipa kuliko kupigana nawe. Wako wachache, lakini ndio walioleta pesa kwa wavumbuzi waliofanikiwa. Mtu kama huyo hanunui hadithi. Anataka karatasi yenye namba, kwa sababu bila karatasi hana anachokinunua ambacho hawezi kukichukua bure.

Hapo sasa tunachagua kati ya hataza na modeli ya matumizi. Hataza Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kufungua ombi, inataka hatua ya kivumbuzi, inalipiwa ada kila mwaka ili isife, na mpaka uipate mkononi huenda ikapita miaka kadhaa. Modeli ya matumizi ni miaka 10 na haihuishwi, lakini haidai hatua ya kivumbuzi: ukithibitisha kwamba kitu ni kipya na kinafaa kutumika katika uzalishaji, inatosha. Kwa kibano kilichotokana na akili ya karakana, ambacho mchunguzi anaweza kusema "springi inajulikana, swichi inajulikana, umeziunganisha tu", ni njia yenye matumaini zaidi. Mashine yako nayo itabadilika sana ndani ya miaka 10. Mfano utakaouza mwaka wa kumi na tano hautafanana na huu. Sioni kwa nini ulipie miaka 20. Sheria pia inaruhusu ombi la hataza kugeuzwa kuwa la modeli ya matumizi na kinyume chake, kwa hiyo hujifungi kamba.

Usiandike ombi peke yako kama unaweza kuepuka. Ada za serikali si mzigo mkubwa. Mzigo ni wakala wa hataza, na uzuri wa ombi uko kwenye sehemu moja inayoitwa madai, zile sentensi zinazosema mpaka wa haki yako ni wapi. Mashine yako ina springi. Ukiandika kwenye dai "springi", mwagizaji ataweka mpira mnene unaovutika, au uzito unaoning'inia, na ametoka nje ya mpaka wako akicheka. Wakala anayejua kazi ataandika kitu kinachobana na kurudisha, cha aina yoyote, kisha ataitaja springi kama mfano mmojawapo tu. Trevor Baylis, Mwingereza aliyebuni redio ya kuzungushwa kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili habari za UKIMWI ziwafikie Waafrika wasio na umeme wala betri, alikuwa na hataza yake. Redio zikatengenezwa Cape Town, zikauzwa kwa wingi, naye akawa maarufu. Lakini matoleo ya baadaye yalibadilishwa, nguvu ya mkono ikawa inachaji betri badala ya kukunja springi inayoiendesha redio, na hataza ya springi haikuyashika tena. Mzee yule alieleza mwenyewe uzeeni kwamba hakupata fedha za maana kutokana na uvumbuzi uliompa jina dunia nzima. Nenda kwa wakala na orodha ya njia zote ambazo wewe mwenyewe ungezitumia kujiiga. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, wakala hawezi kukufanyia.

Kama pesa za wakala hazipo, waulize KIPI kuhusu mpango wa Shirika la Mali Miliki Duniani wa kuwasaidia wavumbuzi, ambao Kenya imo: mawakala hujitolea kuwasaidia bila malipo wavumbuzi wa kipato kidogo wanaokidhi masharti. Hata kukaa na ofisa wao kabla ya kufungua ombi kuna faida.

Usimsikilize atakayekuambia ujiandikie barua ya rejista posta uiache bila kufunguliwa. Barua hiyo haimzuii mtu yeyote kuunda chochote. Usimsikilize pia atakayekuuzia "hataza ya dunia nzima". Haipo. Kuna ombi la kimataifa la PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, linaloshughulikiwa Geneva na kuhusisha nchi zaidi ya 150, lakini hilo linakununulia muda tu, kwa kawaida miezi 30, kabla ya kuingia nchi moja moja na kulipa moja moja. Mtu binafsi wa Kenya hupata punguzo la asilimia 90 kwenye ada ya kimataifa ya kufungua ombi, jambo ambalo wengi hawalijui, na kama usingekuwa umeshaonyesha video tungelizungumzia zaidi. Na ukiona kwenye mtandao kampuni ya ng'ambo inayosema kila uvumbuzi ni dhahabu, bora ulipie kifurushi tu, kimbia. Huko Marekani kampuni iitwayo World Patent Marketing ya Florida ilishitakiwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho mwaka 2017 kwa kuwachukulia wavumbuzi mamilioni ya dola kwa ahadi hewa, na mwaka uliofuata ikapigwa marufuku kuendelea na biashara hiyo. Wakala wa kweli huanza kwa kukuambia kwa nini ombi lako linaweza kukataliwa.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza. La kwanza ni meno. Kama una namna yako ya kuyapa ukali na ugumu, joto gani, mafuta gani, muda gani, hilo usiliandike kwenye ombi lolote ikiwa halihitajiki kukielezea kibano. Ombi huchapishwa, kila mtu hulisoma. Kibano hakifichiki, maana anayenunua mashine ananunua na siri yake. Ila namna ya kuchoma meno haionekani kwa kuyatazama. Hiyo ibaki siri ya karakana, na vijana wanaokusaidia watie sahihi kwamba hawataitoa.

La pili ni jina. Alama ya biashara Kenya hudumu miaka 10 na huhuishwa bila kikomo, na kwa biashara ndogo mara nyingi ndiyo silaha inayofanya kazi haraka, kwa kuwa anayebandika jina lako kwenye mashine mbovu ni rahisi kumthibitishia kosa kuliko anayeiga kibano. Tumekwisha kuona watu wa mbali wakifukuzia majina yetu. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno Kikoy kama alama yake, na wauza vikoi wa pwani wangeweza kujikuta matatani kwenye soko lile kwa kutumia jina la nguo yao wenyewe. Ombi lilipingwa na mwishowe likaachwa. Chagua jina lisilo la kawaida. "Mbuzi ya Umeme" hutapewa, maana linaielezea bidhaa yenyewe na kila muuzaji ana haki ya kulitumia. Jina la kubuni, fupi, linalotamkika Lamu na Kisumu, ndilo la kusajili.

Sasa yule mfanyabiashara. Shilingi 60,000 ni bei ya mashine tatu na kidogo. Kwa fedha hiyo anataka ujiondoe kabisa kwenye kitu ulichokiunda, na ukisaini "nimemwachia wazo", ombi litafunguliwa kwa jina lake, na wewe ukiendelea kuunda ndiwe utakayekuwa mwigaji. Lakini usimfukuze, maana huenda ana duka, ana mtaji, na anawajua wenye mahoteli. Mwambie kwanza asaini mkataba wa usiri kabla hujamfungulia mashine. Ombi lifunguliwe kwa jina lako. Halafu mpe leseni: alipe kiasi fulani kwa kila mashine atakayoiuza, leseni iwe ya eneo na muda uliotajwa, na pawe na idadi ya chini kwa mwaka ambayo asipoifikia haki inarudi kwako. Hizo 60,000 zipokee kama malipo ya kuanzia ya leseni hiyo akikubali. Na leseni ikaandikishwe KIPI.

Akikataa yote hayo na kushikilia anunue moja kwa moja, mwulize ameshaona soko gani mpaka atake kulipa fedha kwa kitu alichokiona TikTok bure. Atakavyojibu utajua kama bei ni 60,000, au 600,000, au kama hana soko lolote. Wakati huo huo tafuta stakabadhi ya mashine ya kwanza, hesabu miezi iliyobaki kati ya 12, na uanze Espacenet leo usiku.